Jinsi ya kumaliza kazi inayotaka akili kwenye ofisi yenye watu, simu na "nakuibia dakika moja"

Nianze na laki mbili na sabini elfu.

Ilikuwa tarehe 18, mwezi wenyewe umenitoka ila tarehe naikumbuka kwasababu ritani ya VAT, yani taarifa ya kila mwezi ya kodi ya ongezeko la thamani, mwisho wake ni tarehe 20 na mimi nilikuwa bado sijafunga vitabu. Naingiza vocha za malipo moja baada ya nyingine, nimefika kwenye ya mzabuni mmoja, 1,470,000, nimeshaandika ile moja ya mwanzo, mara nasikia "za saa hizi, samahani nakuibia dakika moja tu." Nikainua kichwa, tukasalimiana, habari za nyumbani, watoto, foleni ya leo ilikuaje, akauliza alichokuja kuuliza (posho ya safari ya Dodoma), nikamjibu, akaenda zake. Nikarudi kwenye kompyuta nikamalizia namba. Nikaandika 1,740,000.

Sikujua. Nimekuja kujua jioni nalinganisha vitabu na taarifa ya benki, tofauti inagoma kuondoka, 270,000 kamili, nikapitia vocha zote mara ya kwanza, mara ya pili, magharibi inaadhiniwa, mlinzi ameanza kuzima taa za korido. Kuna mhasibu mmoja mtu mzima alikuwa anafunga droo zake aondoke, akaniuliza kitu kimoja tu, "Mwanangu, hiyo tofauti inagawanyika kwa 9?" Nikagawanya, ikaja 30,000, hamna kinachobaki. Akasema basi umegeuza tarakimu, tafuta namba ambayo mbili zimebadilishana nafasi. Dakika tano nikaiona. Wanaofanya hesabu hii muishike, tarakimu mbili zikibadilishana nafasi tofauti yake lazima igawanyike kwa 9, haijalishi namba ni kubwa kiasi gani.

Ile dakika moja ya asubuhi ilikula masaa matatu ya jioni, na mtoto wangu nilimkuta ameshalala. Ndo maana hili suala mimi silichukulii kama mambo ya semina, linaniuma kweli.

Mimi ni mhasibu hapa Dar, chumbani kwetu tupo sita, mlango uko wazi muda wote kwasababu ya joto, na dirishani zinapita bodaboda, muuza kahawa anagonganisha vikombe vyake, muuza karanga naye. Namwandikia mtu kama mimi, ambaye hana chumba chake peke yake na hawezi kujifungia. Ushauri mwingi utakaokutana nao umeandikwa kwa ajili ya sehemu ambayo mtu akiweka hedifoni masikioni basi ameeleweka. Kwetu utaguswa bega. Kwetu usipomsalimia mtu ni kosa kubwa kuliko kuchelewesha ripoti, na mimi naona ni sawa kabisa iwe hivyo, sitaki kufanya kazi sehemu ambayo watu wanapitana kama nguzo za umeme. Kwahiyo kila nitakachosema hapa kinaanzia hapo, unalinda akili yako na heshima ya watu inabaki palepale.

Kwanza ujue hiyo dakika moja inakula nini

Kuna mtafiti anaitwa Gloria Mark, yupo chuo kikuu cha California pale Irvine, yeye na wenzake walikaa maofisini na saa wakiangalia watu wanavyofanya kazi. Walichokuta ni kwamba mtu akikatishwa kazi inamchukua kwa wastani dakika 23 na kitu mpaka arudi kwenye ile kazi aliyoiacha. Sio kwamba amekaa anashangaa, hapana, akishakatishwa anashika kitu kingine, na kutoka hapo kingine tena, ndo baadaye anakumbuka kumbe nilikuwa na ile. Jiangalie mwenyewe kesho utaona. Mtu kakuuliza kuhusu risiti, umemjibu, umefungua faili la risiti, umeona moja sio ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, umempigia mtu wa manunuzi, na ile kazi yako ya asubuhi iko palepale, kishale cha kwenye skrini kinawakawaka.

Mwingine ni Sophie Leroy, yeye mwaka 2009 aliandika kuhusu mabaki ya umakini, maana yake ukihama kutoka kazi moja kwenda nyingine kipande cha akili kinabaki kule ulikotoka, hasa kama hukuimaliza. Mimi nikisoma hivyo nikaelewa ile 1,740,000 ilitoka wapi. Mkono ulikuwa kwenye vocha, kichwa kilikuwa bado Dodoma kwenye posho.

Na kuna hili ambalo watu hawapendi kulisikia, huyohuyo Gloria Mark na wenzake walikuta karibu nusu ya kukatishwa mtu anajikatisha mwenyewe. Hakuna aliyekuja, hakuna simu iliyolia, wewe mwenyewe umeiacha kazi ukaenda kuchungulia kitu.

Kwahiyo kabla hujabadilisha chochote chukua karatasi moja, igawe mafungu matatu, WATU, SIMU, MIMI. Siku tatu za kawaida za kazi, kila unapokatishwa weka kijiti kwenye fungu lake, na pembeni andika neno moja tu, mfano posho, mchango, stetasi, njaa. Usijirekebishe, wewe hesabu tu. Siku ya tatu jioni ukiiangalia hiyo karatasi utajua tatizo lako ni lipi. Mimi nilikuwa nalaumu watu, watu, watu, kumbe fungu la MIMI ndo lilikuwa limejaa kuliko yote, na kwenye fungu la WATU zaidi ya nusu ilikuwa jambo moja, hela ndogondogo za matumizi ya ofisi. Dawa ya hayo mawili ni tofauti kabisa, nisingehesabu ningeendelea kununia wenzangu bure.

Simu

Hili halitaki maneno mengi, ni settingi tu, tenga nusu saa ufanye ikae.

Magrupu ya WhatsApp, ingia moja moja unyamazishe, inakupa uchague masaa 8, wiki 1 au siku zote, weka siku zote. Grupu la familia, la waliosoma pamoja, la mtaa, la kikoba, na yale ya kamati za harusi ambayo yanaanza na watu kumi mara wapo mia mbili wanatuma "mchango wa fulani umepokelewa, jumla sasa ni…" kila baada ya dakika. Kunyamazisha sio kutoka kwenye grupu, hakuna anayepewa taarifa kwamba umenyamazisha, hakuna atakayenuna. Utasoma jioni kwenye daladala na mchango wako utatoa vilevile.

Alafu washa ile ya Usisumbue, ila iwekee watu wa kupita. Hapa ndo wengi wanaogopa, wanasema je mama akiugua, je shule ya mtoto ikipiga. Ni haki kuogopa. Ndani ya settingi hiyo kuna sehemu ya kuchagua nani simu yake ilie hata kama umewasha, weka mama, mwenza wako, mwalimu wa darasa, msaidizi wa nyumbani, na mtu mmoja wa kazini. Pia kuna ya anayerudia kupiga, kwenye Android mtu akipiga mara ya pili ndani ya dakika 15 simu inalia. Kwahiyo waambie wa kwenu kabisa, "nikiwa kazini asubuhi ukinikosa na jambo ni la haraka piga tena papo hapo, italia." Mimi nilivyomwambia mama hivyo alifurahi sana, kabla ya hapo akinikosa anakaa na wasiwasi mpaka mchana, sasa hivi anajua njia ipo.

Na simu yenyewe usiiweke mezani imelala chali. Droo. Ukiona droo ni mbali ujue ndo imefaa.

WhatsApp ya kwenye kompyuta ndo inayosahaulika, mtu kanyamazisha simu yote alafu kwenye kompyuta pembeni pale namba inapanda, 3, 7, 15. Funga hiyo. Ukihitaji kutuma faili fungua, tuma, funga.

Watu, na hapa nitakaa kidogo

Jambo lililonisaidia kuliko yote ni kusalimia kwanza. Zamani nilikuwa naingia saa mbili naenda moja kwa moja kwenye kiti, najiona mchapakazi. Kumbe salamu ni deni, usipolilipa asubuhi litakuja kudaiwa saa tatu na nusu ukiwa katikati ya hesabu, mtu anapita anaona hamjaonana leo, na kwa uungwana wake lazima asimame. Sasa nikifika nazunguka. Mapokezi, kwa madereva, kwa wazee wa stoo pale shikamoo na maneno mawili matatu, kwa mama anayetupikia chai, kwa wenzangu wa chumbani mmoja mmoja kwa jina. Dakika kumi, kumi na tano. Na ninapozunguka nauliza, "kuna kitu unanihitaji leo?" Aisee hiyo sentensi. Yule aliyekuwa anipitie saa nne ananiambia palepale, naandika kwenye kijidaftari, namwambia saa ngapi nitamletea. Safari yake ya saa nne imekufa kabla haijaanza na ameridhika kuliko angekuja.

La pili, usiseme "niko bize." Hilo neno linaumiza alafu halimsaidii mtu, maana hajui uko bize mpaka lini, kwahiyo atarudi kila baada ya robo saa kuchungulia. Mpe saa. Na useme wewe ndo utamfuata. Maneno yenyewe ninayotumia ni haya, chukua yakikufaa.

Mtu mzima, "Shikamoo mzee. Karibu sana. Hapa nipo katikati ya namba, nikiiachia nitaharibu, naomba nikufuate saa sita kasoro robo, nakuja mwenyewe hapo kwako." Hakuna mzee aliyewahi kuchukia hilo, kwanza umemwambia utamfuata, hatembei tena.

Wa rika lako, "Kaka hii iko kichwani yote, nipe mpaka saa tano nakupitia twende chai."

Na uende kweli. Hapa ndo kila kitu kimesimama. Saa sita kasoro robo ikifika amka uende, hata kama kazi imekunogea, hata kama unajua anachotaka ni kidogo. Ukishindwa mara mbili neno lako halina thamani tena, watu watarudi kusimama mezani kwako mpaka uwahudumie, na watakuwa na haki. Mimi naweka alamu ya simu kwa ajili ya ahadi hizo, sitegemei kumbukumbu.

Bosi ni habari nyingine, bosi huwezi kumpangia saa hovyo. Ila unaweza kumuuliza. Akikuletea kitu, simama, kipokee, alafu mwambie "Sawa bosi. Sasa hivi nipo na ritani ya VAT ya tarehe 20, hii yako nianze nayo au niimalize kwanza ile nikuletee saa nane?" Mara nyingi atasema malizia, hata hakujua una nini mkononi. Akisema anza na yangu, basi amechagua yeye, na wewe umeshajua ile nyingine inasogea mpaka saa ngapi. Kinachomuumiza mfanyakazi ni kupokea yote kwa "sawa bosi, sawa bosi" alafu jioni unaulizwa ya kwanza iko wapi.

Wale wa jambo moja linalojirudia, watafutie saa maalum. Kwangu ilikuwa hela ndogo, nauli za mesenja, maji ya kunywa, vocha za simu, bodaboda ya kupeleka barua. Kila mtu kwa saa yake. Nilimwomba bosi wangu tuweke nyakati mbili kwa siku, saa tatu kamili mpaka na nusu asubuhi na saa nane mpaka na nusu mchana, nikachapa karatasi nikabandika ukutani juu ya meza na bosi akaweka sahihi. Ile sahihi ndo muhimu, bila hiyo utaonekana umejipandisha cheo. Wiki ya kwanza walilalamika, ya pili wakaanza kukumbushana wenyewe mlangoni, "saa yake bado." Dharura ya kweli napokea, dereva amekwama na gari halina mafuta siwezi kumwambia subiri saa nane.

Kama wewe sio mhasibu na kwako hakuna hela ndogo, kitu cha namna hiyo lazima kipo. Mtu wa kompyuta anaitwa kila printa ikigoma, mtu wa utumishi anaulizwa likizo zimebaki ngapi, mwalimu anafuatwa na wazazi. Tafuta ni kipi kinajirudia kwenye ile karatasi yako ya vijiti, hicho ndo kipewe saa.

Kuna ushauri mmoja nimeusikia mara nyingi, kwamba uondoe kiti cha wageni ili watu wasikae. Mimi siukubali. Mtu akija asipate pa kukaa anaondoka na kitu moyoni. Fanya hivi, mtu akiingia simama wewe, mpe mkono, ongeeni mmesimama, na maongezi yakifika mwisho mtembeze mpaka mlangoni kama unavyomsindikiza mgeni nyumbani. Maongezi ya kusimama huwa yanakwisha yenyewe na mtu anaondoka ameheshimiwa. Na kama unaweza kugeuza meza, igeuze usitazamane na mlango. Macho yakikutana lazima salamu itoke, ni malezi yetu, sasa ukiwa umekaa ubavu macho hayakutani kila anayepita. Mimi niligeuza meza tu, nusu ya wapitaji wakawa wanapita kweli.

Weka alama kabla hujainua macho

Hii ingenisaidia siku ile ya 1,470,000, na kama utachukua kitu kimoja tu hapa basi chukua hiki.

Ukisikia sauti inakuita, usiinue kichwa bado. Inua mkono wa kushoto, kiganja wazi, na useme "naam, nakuja" kwa sauti ya upole. Mkono wa kulia unamalizia namba uliyoianza, mpaka tarakimu ya mwisho, unaweka tiki ya penseli kwenye vocha. Kama ni maandishi malizia sentensi. Kama ni kazi ndefu andika kwenye kikaratasi kitu utakachofanya ukirudi, kwa maneno kamili, "nimefika vocha 212, inayofuata angalia kama ina invoisi." Ndo unainua macho na unatabasamu. Yote hayo ni sekunde tano, kumi ikizidi sana, na hakuna mtu anayekosa kusubiri sekunde kumi kama umeshamwitikia. Watu wanaumizwa na kutoitikiwa, kusubiri wanajua.

Yule Leroy niliyemtaja, mwaka 2018 akiwa na mwenzake Theresa Glomb walikuja kuonesha kitu hichohicho, kwamba mtu akipewa nafasi fupi ya kuandika amefikia wapi na akirudi ataanzia wapi, akili inakubali kuiachia ile kazi na anamsikiliza vizuri huyu aliyekuja. Kwahiyo kikaratasi kinamsaidia hata mgeni wako, unakuwa naye kweli, husemi "ehe, ehe" huku macho yako kwenye skrini.

Tumia penseli na karatasi, usiandike kwenye simu. Ukishika simu ili uandike alama umeshapotea.

Saa za kazi nzito

Kila ofisi ina saa yake ya kimya, itafute. Kwetu ni kuanzia saa moja na nusu mpaka saa mbili na robo, wenzangu wengi bado wapo kwenye foleni, simu ya mezani hailii. Nikiwahi basi la mapema napata dakika arobaini na tano ambazo ni sawa na masaa mawili ya mchana. Najua sio kila mtu anaweza, kuna anayepeleka mtoto shule, kuna anayetoka mbali sana kule Chanika au Kibaha na kuamka kwake ni saa kumi alfajiri, huyo simwambii awahi zaidi, alale. Yeye atafute saa nyingine, mara nyingi ile ya chai ya saa nne chumba kinabaki kitupu, unaweza kwenda chai ukiwa wa mwisho.

Kazi inayotaka akili iwe kabla ya mchana. Ukishakula ugali wako saa saba usijidanganye kwamba utalinganisha benki saa nane, hiyo ni saa ya kupanga mafaili, kuskani risiti, kupiga zile simu ulizoahidi, kupokea wale wa hela ndogo. Mwezi wa Ramadhani kwa tunaofunga ni hivyohivyo lakini zaidi, asubuhi ndo akili ipo, alasiri weka kazi za mikono.

Kuna ile njia ya Pomodoro, aliitengeneza Muitaliano Francesco Cirillo mwishoni mwa miaka ya 1980 akiwa mwanafunzi, alikuwa anatumia saa ya jikoni yenye umbo la nyanya, na pomodoro kwa Kiitaliano ni hiyohiyo nyanya. Unafanya kazi dakika 25, unapumzika 5, ukifika mara nne unapumzika zaidi. Kwa anayeanza ni nzuri sana, hasa kwa lile fungu la MIMI, kwasababu unaiambia akili ivumilie dakika 25 tu alafu utaangalia. Kwa hesabu mimi naiona fupi, ndo kwanza vocha zimeanza kukaa kichwani inalia, kwahiyo naenda 45 alafu 10. Hizo 10 nasimama, nakunywa maji, nasalimia. Sishiki simu, ile dakika kumi ya simu hairudishi kitu.

Na uwe na kalenda ya presha yako. Sisi tunajua, tarehe 7 PAYE (kodi ya mishahara) na SDL (tozo ya kuendeleza ujuzi), tarehe 20 VAT, hazibadiliki na hazishtukizi. Kwahiyo tarehe 4, 5 na 17, 18 nazitangaza mapema, nawaambia wenzangu chumbani, "jamani keshokutwa na siku inayofuata asubuhi naomba mnivumilie." Watu wakijua kabla wanakulinda wao wenyewe, kuna dada wa meza ya jirani siku hizo anawapokea wageni wangu na kuwaambia nitawatafuta, na yeye akiwa na mishahara namfanyia hivyohivyo.

Umeme ukikatika au intaneti ikigoma nako usikae bure ukisubiri. Weka bahasha moja ya kazi za karatasi, za kuhakiki, za kusaini, kusoma mkataba, siku hiyo ndo yake.

Na lile fungu la MIMI

Weka daftari dogo wazi kulia kwako. Wazo likija katikati ya kazi, ada ya muhula, gesi imeisha, sijamjibu mjomba, andika neno moja na uendelee. Wazo linasumbua kwasababu linaogopa kusahauliwa, likishaandikwa linatulia. Saa sita unalipitia, na utashangaa mengi yaliyoonekana ya haraka saa tatu yanaweza kungoja jioni.

Kula asubuhi. Sio ushauri wa afya, ni wa kazi. Vijiti vyangu vingi vya MIMI vilikuwa kati ya saa tatu na nusu na saa nne, nilipoanza kunywa uji kabla ya kutoka nyumbani vilipungua bila kufanya kingine chochote.

Ila kuna siku hakuna mbinu itakayofaa. Una mgonjwa wodini, una msiba, mwenye nyumba kakupa notisi. Siku hiyo usijilazimishe kufunga vitabu, utaandika makosa ambayo yatakusumbua mwezi mzima. Mwambie mtu mmoja unayemwamini kazini, omba ubadilishane kazi, chukua zile nyepesi za kuhesabu na kupanga, na zile za namba mpe mwenzako azipitie kabla hazijatoka. Nimewahi kufanya hivyo wiki mbili wakati baba amelazwa, ile ofisi ilinibeba, na siku mwenzangu alipopata yake nilijua cha kufanya bila kuambiwa.

Kama unaweza kuipeleka hii kwenye chumba kizima ipeleke. Sisi tulianza na jambo dogo, saa mbili na nusu mpaka saa tatu kamili kila siku, kabla ya saa ya hela ndogo, hakuna anayemwita mwenzake kwa sauti, ukiwa na swali unaandika kwenye kikaratasi unaweka mezani kwake. Redio inazimwa. Nusu saa tu. Tulipendekeza kwa bosi kama majaribio ya wiki mbili, sasa hivi huu ni mwezi wa kumi na moja tangu tuanze, na wiki iliyopita saa mbili na dakika hamsini aliingia mgeni kutoka idara nyingine na sauti yake kubwa, kabla sijainua mkono yule dada wa jirani alishasimama, akamshika mkono, "karibu sana kaka, shida yako niambie mimi, huyu atakufuata saa tatu," akamtoa mpaka korido wakasalimiana huko. Mimi nilikuwa vocha ya 96. Nikaiweka tiki, nikaendelea na ya 97.